Picha ya maskini ni mali ya nani?

Gari jeupe linaingia kambini asubuhi. Watoto wanakimbia mbele yake. Anashuka mtu mwenye kamera shingoni, anazunguka kati ya mashitingi, anatafuta. Hamtaki yule baba aliyevaa shati lake la Jumapili. Hawataki wasichana wanaosukana nywele huku wakicheka. Anamtaka mama aliyekaa chini mbele ya sufuria tupu, na kama mtoto wake anakohoa, vizuri zaidi. Baada ya dakika kumi gari limekwenda. Waliopitia Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo, au Roe huko Djugu wanajua jambo hili bila kusimuliwa. Kinachobaki ni swali ambalo akina mama huulizana wakichota maji: ile picha imekwenda wapi, na nani amelipwa?

Swali hilo si la kambini peke yake. Wasanii wakubwa wa Ulaya na Marekani wameligombania kwa miaka mingi, katika majumba ya sanaa yenye kuta nyeupe, na mara kadhaa Congo ndiyo iliyokuwa katikati ya ugomvi. Inafaa watu wa huku wajue yaliyosemwa juu yao.

Kwanza kuna neno moja linalotisha, postmodernizimu. Halina uchawi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasanii wa Ulaya waliamini kwamba dunia inasonga mbele kama treni, kwamba kipya ni bora kuliko cha zamani, na kwamba msanii ni mtu wa pekee anayetoa kichwani mwake kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Hiyo iliitwa modernizimu. Kwa Mkongomani treni hiyo ilifika na kiboko, lakini huko ilikotoka iliitwa maendeleo. Halafu zikaja vita mbili kubwa, kambi za mauaji, bomu la Hiroshima, na imani ikapungua. Mwaka 1979 mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-François Lyotard, alitoa kitabu kidogo alichoagizwa na serikali ya Quebec kule Kanada. Humo alieleza kwamba watu wa wakati wake hawaziamini tena zile hadithi kubwa zinazodai kueleza kila kitu. Maendeleo, mapinduzi, ustaarabu, zote aliziona zimechoka.

Wasanii waliolichukua wazo hilo waliacha kutafuta kipya. Walianza kunakili, kuchanganya, kuchekesha, kuweka tangazo la duka pembeni ya mchoro wa kanisa. Mwaka 1981 Mmarekani Sherrie Levine alichukua picha ambazo Walker Evans alipiga mwaka 1936, za familia maskini za wakulima wa pamba huko Alabama. Akazipiga picha tena kutoka kitabuni, akazitundika kwenye maonyesho huko New York kama kazi yake. Alitaka kuuliza: picha ni ya nani? Ni ya aliyebonyeza kamera, au ya anayeitazama? Swali zuri. Ila ukilisikiliza ukiwa huku, unaona mtu mmoja amesahauliwa. Mkulima wa Alabama mwenyewe, aliyesimama mbele ya kibanda chake na watoto bila viatu, hayumo kwenye ugomvi huo.

Mwaka 2008 mchezo huo ulifika Congo. Msanii wa Uholanzi, Renzo Martens, alitoa filamu aliyoipiga nchini humu, inayoitwa Enjoy Poverty, yaani Furahieni Umaskini. Anaonekana akitembea msituni na kofia ya majani, nyuma yake wabebaji na masanduku kichwani, kama Stanley. Ndani ya masanduku mna taa za rangi, za aina ya zile za mbele ya hoteli, na jenereta. Anafika kijijini usiku, anaziwasha, na maandishi yanatokea kwa Kiingereza yakiwaomba wanakijiji wafurahie umaskini wao. Watu wanapiga ngoma na kucheza mbele ya maneno ambayo wengi wao hawawezi kuyasoma.

Sehemu ngumu zaidi kutazama ni ile ya wapiga picha wa mashariki. Ni vijana wanaoishi kwa kupiga picha za harusi na sikukuu, faida ndogo kabisa. Martens anawapigia hesabu. Picha ya sherehe inaleta senti. Picha ya mtoto mwenye utapiamlo, ya mwanamke aliyebakwa, ya maiti, wazungu wa mashirika ya habari wanazinunua kwa dolari nyingi. Basi kwa nini faida hiyo ipate mgeni, na umaskini ni wenu? Umaskini, anawaambia, ni mali ya asili kama dhahabu na koltani, na tena misaada inaleta pesa kuliko madini. Vijana wanasikiliza, wanajaribu. Wanaingia wodi ya watoto na kamera zao, wanajifunza kutafuta mbavu zinazoonekana. Halafu wanapeleka kazi yao kwa daktari mzungu, naye anakataa. Hawana kibali, na picha zao si nzuri. Hakuna anayenunua. Mwishoni Martens anawaambia yamekwisha, warudi kwenye harusi.

Huko Ulaya filamu hiyo ilisifiwa na kulaaniwa. Waliosifu walisema ni kioo: mzungu amevaa ubaya wa wazungu wote ili waujione. Hilo ni kweli kwa sehemu. Filamu inaonyesha wazi kuliko ripoti nyingi jinsi soko la huzuni linavyofanya kazi, nani anaingia na nani anafungiwa mlango. Na waandishi wa habari wa huku wasijifanye watakatifu, maana nao wanajua picha gani inapokelewa haraka na wakubwa wa mji mkuu. Lakini kioo kile kilitundikwa Amsterdam na London. Wale vijana watatu wanne walibaki na nini? Walitumiwa kuonyesha kwamba watu wanatumiwa. Hapo ndipo ujanja wa postmodernizimu unafika mwisho wake. Unajua kila kitu, unacheka kila kitu, hata wewe mwenyewe unajicheka, na hali ya aliye chini haisogei hata kidole kimoja.

Kabla ya kusema kilichokuja baadaye, turudi nyuma miaka 35, mjini Lubumbashi. Kuna mtu aliyefanya kazi hiyo yote mapema, bila taa wala jenereta, na alifanya kwa Kiswahili.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947, mji ukiitwa bado Élisabethville. Alichora tablo juu ya magunia ya unga, kwa rangi za kununua dukani, akizibeba na kuziuza nyumba kwa nyumba kwa wafanyakazi wa Gécamines, walimu na makarani. Miaka ile saloni ya mfanyakazi ilikuwa na viti, redio, vitambaa vya kushona, na ukutani tablo moja au mbili. Ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri na shida. Au ilikuwa Colonie belge, ambamo mfungwa amelazwa chini akipigwa fimbo, polisi mweusi akipiga, mzungu amesimama na kofia nyeupe, akina mama wakilia pembeni. Mgeni wa Ulaya angejiuliza, nani anatundika fimbo za baba yake ukutani mahali anapokunywa bia? Lubumbashi walikuwa na jibu la neno moja, ukumbusho. Tablo haikuwepo kwa ajili ya kupendeza. Ilikuwepo ili mtoto aulize, na mzee aanze kusimulia.

Kati ya mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimkuta Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha chuo kikuu cha hapo. Badala ya kumuuzia tablo mbili tatu kama wengine, alimpa shauri: angechora historia ya nchi yote. Zikatoka tablo 101. Zinaanza kabla ya wazungu, zinapita kwa Watippu Tip na minyororo yao, kwa Msiri wa Bunkeya aliyeuawa Desemba 1891, kwa kodi na migodi, kwa uhuru wa mwaka 1960, hadi Mobutu. Kila tablo aliisimulia kwa Kiswahili cha Katanga, na sauti ikaingia kwenye kaseti. Hakujiita mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Lumumba alimchora mara nyingi. Katika tablo moja Lumumba amelala amekufa pamoja na Mpolo na Okito, damu ikitoka ubavuni, na nyuma yao kwenye kilima misalaba mitatu. Mtu yeyote aliyepita katekisimu anaelewa bila maelezo.

Wataalamu wangeweza kuziita hizo kazi postmodernizimu, na hawangekosea sana. Zinachanganya picha za kanisa na za gazeti, zinaandika maneno ndani ya mchoro, zinanakiliwa na kuuzwa tena, mchoraji hajidai kuwa wa kwanza. Na hadithi kubwa ya serikali haiamini. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Lyotard aliandika kwamba hadithi kubwa zimekwisha. Tshibumba aliona kwamba hadithi kubwa waliyopewa ilikuwa ya uongo, basi akakaa chini kuchora nyingine, kubwa vilevile, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyenyimwa historia hana nafasi ya kuichoka. Hilo halikuonekana vizuri Paris mwaka 1989, wakati maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre yalipowaleta Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez kutoka Kinshasa, wakawekwa pamoja na wasanii wa Ulaya na Marekani. Milango ilifunguka, ndiyo. Lakini wengi waliwapenda kama watu wa kuchekesha wenye rangi kali. Samba aliwajibu mwaka 1997 kwa tablo inayouliza sanaa yetu ina wakati ujao gani, akijichora yeye na Picasso na vinyago vya Kiafrika, na jumba la Pompidou hapo nyuma.

Tshibumba mwenyewe hakuonja sifa hizo. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna tena habari zake. Tablo zake 101 ziko Amsterdam, katika jumba lililoitwa kwa muda mrefu Tropenmuseum.

Basi kilichokuja baada ya postmodernizimu ni nini? Majina hayakosekani. Mfaransa Nicolas Bourriaud alitangaza kifo chake mwaka 2009 huko Tate Britain, London, akaleta jina la altermodern. Mwaka uliofuata wataalamu wawili wa Uholanzi wakaleta lao, metamodernizimu, wakisema kwamba vijana wa sasa wanayumba kati ya kejeli na matumaini bila kuchagua moja. Majina hupita. Kinachofaa kuangalia ni kazi zinazofanyika, na nyingi zinafanana kwa jambo moja: msanii haridhiki tena kuonyesha kwamba kitu kimevunjika. Anajaribu kurudisha, kuunganisha, kulipa. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978, alitoa mwaka 2006 mfululizo unaoitwa Mémoire. Alikata picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière, watu walioandikwa namba na kupigwa picha kama vyombo, akawasimamisha mbele ya viwanda vya leo vilivyoota kutu. Hakuna kejeli pale. Wamesimama tu, wanatutazama. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha Picha, na mji ukapata maonyesho yake yanayorudi kila miaka miwili au zaidi kidogo, kadiri pesa na amani zinavyoruhusu. Huko Kassel, Ujerumani, maonyesho makubwa ya documenta ya mwaka 2022 yaliongozwa na kundi la Indonesia lililotumia mfano wa ghala la mpunga la kijiji: kila mmoja analeta, wote wanakula. Kati ya waliopewa nafasi walikuwa Wajukuu, vijana wa mtaa wa Mukuru, Nairobi.

Lakini hadithi iliyo karibu zaidi na swali la kambini iko Lusanga, jimbo la Kwilu, pale mto Kwenge unapoingia Kwilu. Na inaanza na Martens yuleyule.

Lusanga iliwahi kuitwa Leverville. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni, alipewa na Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi. Mawese ya Kwilu yaliosha nguo za Ulaya, na watu wa Kwilu walipanda michikichi kwa kulazimishwa. Faida ya sabuni ilijenga, pamoja na mengine, jumba la sanaa huko Port Sunlight, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1922 na kupewa jina la mke wa Lever. Kampuni iliyotokana na ile yake, Unilever, ilidhamini kwa miaka 12, kuanzia 2000, kazi kubwa za ukumbi wa Tate Modern, London, nyingine za kulaumu dhuluma duniani. Kwa hiyo mtu wa shamba alikuwa amekwisha kulipia sanaa zamani sana. Yeye tu hakuwahi kuiona.

Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba ya huko, pamoja na Martens na mtetezi wa mazingira René Ngongo, waliunda chama chao, CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa mto. Sanamu zinapigwa picha kwa mashine zinazosoma umbo lote, picha zinatumwa Ulaya, na huko zinatolewa tena kwa chokoleti, kwa kuwa kakao nayo ni jasho la mashamba. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York. Mwaka huohuo pale Lusanga likafunguliwa jumba jeupe kabisa la maonyesho, lililochorwa na ofisi maarufu ya wajenzi ya Uholanzi, likasimama katikati ya michikichi kama meno ya bandia. Mtu anaweza kucheka, na wengi walicheka. Ila pesa ya chokoleti ilifanya jambo ambalo filamu ya mwaka 2008 haikufanya. Ilinunua ardhi, zaidi ya hekta 100 za shamba lililochoka, na watu wanapanda humo miti na chakula chao, kwa faida yao.

Halafu wakadai kitu kingine. Mwaka 1931 bei ya mawese ilikuwa imeanguka, kodi haikushuka, na askari walikuwa wakikamata watu kwenda kazini. Wapende wakaasi. Mbelgiji mmoja wa utawala, Maximilien Balot, aliuawa, na jeshi likajibu kwa bunduki, mamia ya Wapende wakafa. Wakati huo mchongaji wa Kipende alichonga sanamu ya mti ya Balot, macho makali, mwili ulionyooka, ili hasira ya roho yake ifungwe humo na iwatumikie wale aliowatesa. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa siasa kutoka Marekani aliinunua hapa Congo, na mwaka 2015 ikaingia jumba la sanaa la Virginia, mjini Richmond. CATPC waliiomba kwa mkopo. Mambo yakachelewa. Mwaka 2022 wakachukua picha ya sanamu kwenye intaneti, wakaigeuza kuwa hati za kidijitali za kuuzwa, ili pesa inunue ardhi. Jumba la Virginia halikufurahi.

Angalia kilichotokea hapo. Levine alichukua picha ya maskini na kuitundika New York kama swali. Watu wa Lusanga walichukua picha ya mali yao kutoka jumba la tajiri na kuipanda kama muhogo. Ujanja ni uleule wa kunakili. Aliyeshika kamera ndiye aliyebadilika.

Mwaka 2024 Uholanzi iliwapa CATPC nyumba yake kwenye maonyesho ya Venezia, Italia, na kwa miezi ileile ya Aprili hadi Novemba Balot alirudi Lusanga, ndani ya lile jumba jeupe, video ikiunganisha pande mbili moja kwa moja. Wazee wa Kipende walimpokea. Si kila mtu aliridhika. Wapo waliouliza kwa nini ilihitaji Mholanzi ili sauti ya Kwilu isikike, na kwa nini jina lake bado linatangulia katika magazeti mengi kuliko la Ced'art Tamasala au Matthieu Kasiama, ambao ndio wanaosimamia kazi. Ni swali la haki, na wenyewe wa Lusanga hawalikimbii. Tena mkopo ni mkopo. Maonyesho yalipofungwa mwishoni mwa Novemba, Balot alirudishwa Richmond.

Kuhusu Tshibumba, kuna kitu kimoja kilichorudi bila ndege wala bima. Masimulizi yake, yale ya kwenye kaseti, yaliandikwa neno kwa neno kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi na kuwekwa kwenye intaneti, yasomwe bure. Hajasafishwa. Anachanganya Kifaransa, anarudia, anakasirika, anauliza kama msikilizaji ameelewa. Mwenye simu na megabaiti chache anaweza kuyafungua kambini na kuyasoma kwa sauti.

Hakuna tablo inayoweza kutundikwa kwenye shitingi, misumari haishiki. Lakini karibu kila familia iliyokimbia ilitoka na mfuko mmoja wa plastiki wa karatasi: kadi ya mpiga kura, diploma, na picha chache za harusi au ubatizo, za wale wapiga picha wa faida ndogo. Jioni mfuko hufunguliwa, na watoto waliozaliwa njiani wanaonyeshwa mlango wa nyumba, shamba lililo nyuma yake, na nani alikuwa amesimama wapi. Hizo hakuna mwenye gari jeupe aliyewahi kuuliza bei yake.